Naanza chuo cha muziki Oktoba na ninasoma nota za do-re-mi tu. Nijiandae vipi kwa nadharia, historia na kurekodi?

SautiYaTatu (Moshi)

Wadau habari za jioni, na wakubwa shikamooni.

Naomba mwongozo kwa wanaoijua kazi hii. Chuo kinafunguliwa Oktoba, na masomo ya mwanzo ni nadharia ya muziki, historia ya muziki na kurekodi sauti. Ninachokiweza ni nota za kwaya: d r m f s l t pamoja na mapigo yake, na kuimba sauti ya tatu kwenye karatasi bila kusubiri kusikia wenzangu. Mistari mitano naitambua kwa macho tu, kuisoma bado.

1. Je, niziache nota za do-re-mi nianze upya na mistari mitano, au kuna namna ya kuvuka?
2. Historia nianze na ya Ulaya au ya kwetu?
3. Kompyuta ninayo, RAM yake 8 GB. Nataka kununua kifaa kimoja tu cha kuanzia. Zoezi nililojipangia ni kurekodi kwaya ya watu 40 kwenye kanisa la bati, sakafu ya vigae. Na trei za mayai ukutani chumbani zinasaidia?

Nina miezi mitatu. Asanteni.

---

Mwl_Nota (Arusha)

Ndugu SautiYaTatu, marahaba, karibu.

Nota zako usiziache. Anayekuambia ni mambo ya kienyeji hajui zilikotoka. Mzizi wake ni Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, aliyezichukua silabi ut, re, mi, fa, sol, la kwenye vianzio vya mistari ya utenzi mmoja wa Kilatini ili wanakwaya wake wajifunze haraka. Karne ya 19 Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, akazifanya herufi, John Curwen akazipanga vizuri na kuzisambaza, wamisionari wakazibeba hadi huku. Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897 ule wimbo ambao tuni yake leo ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, aliuandika kwa nota hizi hizi.

Thamani yake ni kwamba zinakufundisha kila sauti ina kazi gani ndani ya kii (kundi la sauti ambalo wimbo umejengwa juu yake). t inataka kupanda kwenda d, f inataka kushuka kwenda m. Sikio lako limekwishalijua hilo. Kilichobaki ni kuonyesha macho mahali pa kutazama.

Kwa hiyo kila ukifungua karatasi ya mistari mitano, swali la kwanza ni moja: do iko wapi? Jibu lake liko mwanzoni kabisa mwa mstari, kwenye shapu (♯, hupandisha sauti kidogo) au flati (♭, huishusha) zilizopangwa pale.

Zikiwa shapu, ile ya mwisho kulia ni t. Do ni herufi inayofuata juu yake. Shapu mbili ni F na C. Ya mwisho ni C shapu, hiyo ni t, basi do ni D.

Zikiwa flati, ile ya mwisho ni f. Shuka f, m, r, d utaifikia do. Njia ya mkato: zikiwa mbili au zaidi, flati ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Ikiwa moja tu, do ni F. Pasipo na alama yoyote, do ni C.

Ukishaipata do, tazama imekaa wapi. Ikiwa imekaa juu ya mstari, m na s nazo ziko kwenye mistari miwili inayofuata kwenda juu. Ikiwa imekaa kwenye nafasi, m na s ziko kwenye nafasi mbili zinazofuata. Kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja, hapa d, m, s) ya kwanza ya kii nzima umeshaiona kabla hujasoma nota hata moja, na zilizobaki utazihesabu jirani: r kati ya d na m, f kati ya m na s.

Mfano. Karatasi yako ina Do = G:

| d : d | m : – | s : m | r : – |

Kwenye klefu ya G (alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha G iko wapi), weka shapu moja (F) na kipimo cha 2/4, yaani mapigo mawili kwa kila kipimo. G iko mstari wa pili kutoka chini, kwa hiyo m ni mstari wa tatu, s mstari wa nne, na r ni nafasi ya pili, kati ya mstari wa pili na wa tatu. Kila herufi yenye pigo moja ni kichwa cheusi chenye mkia. Penye herufi ikifuatiwa na kistari, mapigo ni mawili, basi kichwa cheupe chenye mkia. d.r ndani ya pigo moja ni nota mbili za nusu pigo zilizofungwa pamoja. d.,r ni ile ya kuruka: robo tatu ya pigo, kisha robo.

Mahali watu wa kwaya wanapokwama ni matatu. La kwanza ni kuandika d, r, m kwa penseli chini ya kila nota. Ukifanya hivyo macho yanasoma penseli, mistari hayaioni kabisa. Andika do mara moja tu mwanzoni, basi. La pili linakuhusu wewe wa sauti ya tatu: sauti hiyo ikiandikwa peke yake huwekwa kwenye klefu ya G yenye namba 8 ndogo chini, maana yake inasikika oktava moja (umbali wa do hadi do inayofuata) chini ya ilivyoandikwa. Lakini wimbo ukibanwa kwenye mistari miwili, sauti ya tatu huhamia klefu ya F pamoja na ya nne, yenyewe mikia ikitazama juu. Jizoeze zote mbili. La tatu ni umbali kati ya sauti. Chuoni utaambiwa utaje umbali kwa jina, na hapo do-re-mi peke yake haitoshi. Hesabu herufi kwanza, kisha nusu-hatua (kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake, cheupe au cheusi). Kutoka F hadi B ni herufi nne (F G A B), kwa hiyo ni ya nne, na nusu-hatua zake ni 6 badala ya 5 za kawaida, ndiyo maana huitwa ya nne iliyoongezwa. Kwa sikio lako hiyo ni f hadi t katika Do = C. Ukianza na nusu-hatua utaichanganya na ya tano iliyopunguzwa, maana kwenye kinanda sauti zake ni zile zile.

Pakua MuseScore, programu ya kuandikia nota, ni bure. Kila siku chukua wimbo mmoja wa sauti nne unaoufahamu, uandike kwenye mistari mitano ukiwa umeuzima mlio, kisha uwashe usikilize. Ulipokosea sikio litakuambia lenyewe.

---

ZezeNaFilimbi (Usa River)

Nichangie historia kidogo.

Soma vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu huku kwetu vilishakutana. J. S. Bach aliongoza muziki wa kanisa la Mtakatifu Tomaso mjini Leipzig kuanzia 1723 hadi kufa kwake 1750. Misheni ya Leipzig ikafika Kilimanjaro 1893. Ndiyo maana tuni nyingi za Kijerumani alizozipangia sauti nne zinaimbwa hadi leo kwenye sharika za Machame na Marangu. Mwalimu atakapokupa sheria za sauti nne za Bach (usipeleke sauti mbili sambamba kwa umbali wa tano au oktava, usiirudie t kwenye sauti mbili, nafasi kati ya soprano (sauti ya kwanza) na alto (ya pili), na kati ya alto na tenor (ya tatu), isizidi oktava) hutakuwa mgeni. Fungua kitabu cha kwaya uzitafute mle.

Ila zichukue kama sheria za mtindo mmoja. Wagogo wa Dodoma huimba sambamba kwa umbali wa nne na wa tano na muziki wao unasimama imara kabisa. Hata mpangilio wa sauti zao ni mwingine. Umejengwa juu ya hamoniki, zile sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi mmoja unapotetema. Tuseme uzi unatetema mara 100 kwa sekunde. Ndani yake kuna 200, 300, 400 na kuendelea. Ile ya saba ni 700. Kinanda hakina sauti hiyo. Iliyo karibu zaidi ni kama 713. Sikiliza zeze na ilimba (chombo cha vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) za Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, ukiwa na kinanda pembeni. Utasikia sauti inayoangukia katikati ya vitufe viwili, na inaangukia pale pale kila mara. Anayesema ametoka nje ya tuni anapima kwa rula isiyo yake.

Majina na miaka ya kwetu ya kushika mapema: Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili, Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika 1950 na mitambo yake akirekodi ngoma na nyimbo, kisha 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979. Historia ya kurekodi iweke kando yake: Edison na fonografu 1877, Berliner na gramafoni 1887, hataza (haki ya uvumbuzi) ya Alan Blumlein ya sauti ya stereo 1931, sahani ya LP 1948, CD 1982. Ukizitazama pamoja utaelewa kwa nini nyimbo za zama za Siti ni fupi: upande mmoja wa sahani ya 78 (iliyozunguka mara 78 kwa dakika) ulibeba dakika tatu na kidogo tu.

Za Ulaya, usikariri watunzi. Shika vipindi: Zama za Kati, Renaisansi (takriban 1400–1600), Baroko (1600–1750), Klasiki (hadi karibu 1820), Romantiki, karne ya 20. Kisha jizoeze kusikiliza kipande cha dakika tatu na kuandika mambo manne: vyombo gani na sauti gani, mapigo ni mawili au matatu, ni tuni moja peke yake au tuni nyingi zinazojitegemea au tuni moja juu ya kodi, na mwisho ndipo ukisie zama. Anayeanza kwa kukisia zama huwa anapatia kwa bahati, na mtihani wa kusikiliza haumvumilii.

Na kitu kimoja utakachokitumia maisha yote. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: mbi-NGU-ni, ku-SHU-ka. Pigo la kwanza la kipimo ndilo zito. Tafsiri nyingi za zamani zilibandika maneno kwenye tuni ya Kijerumani na pigo zito likaangukia mbi- au -ni. Chukua nyimbo tano, weka alama kila mkazo wa neno ulipogongana na pigo. Hiyo ni nadharia, historia na utunzi kwa wakati mmoja.

---

FundiKebo (Arusha)

Mimi nachukua namba tatu, na naanza na cha kununua.

Nunua kinasa sauti cha mkononi chenye maiki mbili juu na betri, cha aina ya Zoom H4n, ambacho kina pia matundu mawili ya XLR (ya kuchomeka maiki za nje) yenye umeme wa 48 V unaohitajiwa na maiki za kondensa. Sababu ni tatu: umeme ukikatika kazi inaendelea, hakuna programu ya kuganda katikati ya wimbo, na baadaye ukipata maiki zako utazichomeka humo humo. Fedha itakayobaki iende kwenye standi inayofika mita 3 na hedifoni za kufunika sikio. Kinasa kizuri kilichowekwa juu ya meza ya katekista kitarekodi meza.

Kwenye mpangilio wa ubora weka 48 kHz, biti 24, faili la WAV (lisilobanwa). Stereo itakula takriban MB 17 kwa dakika, yaani GB 1 kwa saa; kadi ya GB 32 inakutosha siku nzima. MP3 tengeneza mwisho kabisa, usirekodie humo, kwa sababu kilichotupwa na MP3 hakirudi.

Sasa kanisa. Zima spika za kanisa zote. Hili ndilo kosa la kwanza la rekodi nyingi za kwaya: waimbaji wanaingia kwenye maiki zao, wanatoka kwenye spika, na kinasa kinawapata mara mbili. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo sauti ya spika iliyo mita 10 mbali na kinasa inachukua milisekunde 29 kukifikia, ikiwa nyuma ya sauti ya kwaya iliyo karibu. Maneno yanakuwa tope, na hakuna programu ya kulichuja.

Simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia "trrrr" kama ubawa wa panzi, kuna kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Tundika mablanketi mazito kwenye ukuta mmoja kati ya hizo mbili, mmoja tu unatosha, na usiweke kwaya katikati kamili ya hizo kuta. Juu ya vigae, mbele ya kwaya, tandika mikeka minene au mazulia. Turubai halisaidii, ni plastiki, linarudisha sauti kama kigae chenyewe. Kumbuka pia kanisa lililojaa watu halina mwangwi sawa na kanisa tupu, nguo za waumini zinameza sauti nyingi. Usipime siku ya ibada ukarekodi Jumanne.

Panga kwaya nusu duara, safu tatu au nne, safu za nyuma zikiwa juu ya ngazi au mabenchi imara. Kinasa kianzie mita 2 hadi 3 kutoka safu ya mbele, juu kama mita 2.5 hadi 3, kikielekea nyuso za safu ya nyuma. Kwa nini juu? Ukikiweka usawa wa midomo, mita 2 kutoka safu ya mbele na 4 kutoka ya nyuma, safu ya nyuma inapungua dB 6 (dB ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa kuwa umbali ukiwa mara mbili ndivyo sauti inavyoshuka. Ukikipandisha mita 1.5 juu ya midomo, mstari wa umbali unakuwa mita 2.5 na 4.3, tofauti inashuka hadi kama dB 4.7, na kule kuelekeza maiki nyuma kunapunguza tena.

Umbali kamili usiupime kwa futi, upime kwa sikio. Ziba sikio moja kwa kidole, kwaya iimbe, anza karibu kisha rudi nyuma polepole. Karibu mno utasikia mtu mmoja mmoja, hasa yule mama mwenye sauti kali kuliko wote. Mbali mno, "s" na "t" zinayeyuka kwenye mwangwi. Katikati kuna mahali sauti zinaungana na maneno bado yana ncha. Weka hapo. Sikio moja, kwa sababu masikio mawili pamoja na ubongo huchuja mwangwi na kukudanganya. Maiki haina huruma hiyo.

Maiki za kinasa zimekaa mtindo wa XY, vichwa pamoja, nyuzi 90. Ukija kupata maiki mbili za kondensa zako utaweza kujaribu ORTF: sm 17 kati ya vichwa, nyuzi 110. Ni pana na tamu zaidi kwenye hedifoni. Lakini wasikilizaji wakiwa wengi wa simu yenye spika moja, XY ni salama. Sababu ni hii: sauti inayotoka pembeni kabisa inazifikia maiki za ORTF kwa tofauti ya hadi nusu milisekunde, na zikichanganywa kuwa moja zinafutana karibu na Hz 1000 (mitetemo 1000 kwa sekunde), pale pale penye uhai wa maneno.

Kipimo cha gein (kiasi cha kukuza sauti inayoingia): waambie waimbe sehemu kali kuliko zote, kwa kawaida mwisho wa kiitikio cha mwisho, siyo ubeti wa kwanza. Kilele kisimame kati ya dB −12 na −10 kwenye mita ya kinasa, ambako sifuri ndiyo ya kupasuka. Watakapoimba kweli wataongeza, huwa wanaongeza, na nafasi hiyo itawapokea. Biti 24 zina nafasi kubwa sana chini, hakuna faida ya kubana karibu na sifuri. Iliyopasuka imepasuka.

Saa: asubuhi na mapema. Jua likishapanda bati linatanuka na kulia tak, tak, na barabarani bodaboda zimeamka. Mvua ikianza, funga kinasa. Kelele ya mvua kwenye bati ina masafa yote yale yale ya sauti za watu, huwezi kuitoa bila kuitoa kwaya. Kwa hiyo Machi hadi Mei panga siku mbili za akiba.

Nyumbani, programu ya kuhariri sauti ya Audacity ni bure na inatosha. Nyingine, Reaper, inakupa siku 60 za majaribio ikiwa kamili. GB 8 za kompyuta yako hazitalemewa. Ukitaka kukata mngurumo wa magari, kata chini ya Hz 60. Wengi wanakata 100 kwa mazoea kisha wanashangaa sauti ya nne imekwenda wapi: E ya chini ya besi ni Hz 82.

Trei za mayai: hapana. Ni nyepesi mno. Zinapunguza kidogo sauti za juu, za chini zinabaki kama zilivyo, kwa hiyo chumba kinasikika kizito na chenye kuvuma kuliko kabla hujabandika. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina sauti yake kwenye Hz 57 (gawa 343 kwa mara mbili ya urefu), na kwa kuwa pande mbili zinalingana sauti hiyo inajirudufu. Trei haiigusi hiyo hata kwa mbali. Isitoshe zinashika moto haraka. Chukua mablanketi mazito, yatundike yakiwa na nafasi ya sm 10 kutoka ukutani, siyo yamebandikwa. Hewa iliyogusana na ukuta haitembei. Inayotembea ni ile iliyo mbali kidogo, na blanketi linafanya kazi palipo na mwendo. Godoro la sponji kwenye kona nalo linafaa, ila lipime kwanza: liwekee mdomo upulize. Hewa ikipita kwa shida, zuri. Isipopita kabisa, hilo ni la kulalia tu.

---

MamaKwaya_Kibosho

Fundi amemaliza, naongeza mambo mawili ya waimbaji wenyewe.

Mwanangu, usirekodi nyimbo kumi siku moja. Sauti ya kwanza ikichoka, kii inashuka, na kwaya isiyo na chombo haitajua kuwa imeshuka. Toa do kwa kinanda kabla ya ubeti wa kwanza, na mwisho wa wimbo piga do ile ile tena. Ikiwa imeshuka karibu nusu-hatua, usirudie papo hapo. Waketi, wanywe maji ya uvuguvugu, dakika 15, halafu tena. Mara nyingi mshuko unaanzia kwenye m na t zinazoimbwa chini kidogo, siyo kwenye sauti za juu kama watu wanavyodhani. Wafanyishe zoezi la t–d, t–d polepole.

Jingine: viatu. Kwenye vigae, watu 40 wakihama mguu unasikia. Waimbe na soksi. Bangili na funguo mfukoni viachwe mezani.

---

SautiYaTatu (Moshi)

Asanteni sana wakuu, na mama shikamoo, soksi nimeziandika.

Nimejaribu zoezi la Mwl_Nota. Wimbo una flati tatu: B, E, A. Ya mwisho ni A, hiyo ni f. Nikishuka f, m, r, d napata A, G, F, E. Kwa hiyo do ni E. Ila wimbo wenyewe unaanza na kuishia kwa l, na kuna se mahali. Kwenye mistari hiyo se naiandika vipi?

Kwa FundiKebo: kuna nyimbo zenye kinanda. Nimechomeka kinanda moja kwa moja kwenye tundu la kinasa, kinasa nikakiendesha kwa chaja. Kuna mvumo "mmmm" hata nisipopiga kitu.

---

FundiKebo (Arusha)

Mvumo huo ni wa umeme wa Hz 50, na jirani yake wa 100. Kinanda na kinasa vimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, na waya wako wa sauti umefunga duara. Fanya kwa mpangilio huu ili ujue mkosaji ni nani. Chomoa chaja ya kinasa, tumia betri. Mvumo ukikata, umemaliza. Usipokata, hakikisha kila chenye plagi kiko kwenye ekstensheni moja, na waya wa sauti hautembei sambamba na waya wa umeme. Vikilazimika kukutana, vipishane kama msalaba. Bado unavuma? Weka DI (kisanduku kidogo cha kuunganishia chombo na kinasa) katikati ya kinanda na kinasa, ubonyeze kitufe chake cha kutenganisha ardhi. Usivunje wala kuziba pini ya ardhi ya plagi hata kama mtu atakuonyesha kwamba mvumo umeisha. Siku kinanda kikipata hitilafu, umeme uliopaswa kwenda ardhini unapita kwa mpigaji.

DI inatatua na jambo lingine: kinanda kinaingia kwenye kinasa kwa waya, na kwaya inakisikia kwenye spika moja ndogo, sauti ya chini. Spika hiyo iweke nyuma ya standi, ikiitazama kwaya. Maiki za kinasa hazisikii vizuri kinachotoka mgongoni mwake.

---

Mwl_Nota (Arusha)

Umekaribia. Do siyo E, ni E flati. Umesahau kwamba E yenyewe imo kwenye zile flati tatu. Hapo ndipo njia ya mkato inapookoa: flati ya pili kutoka mwisho ni E flati, imeshajitaja na flati yake. Kila ukipata do, rudi mwanzoni uangalie kama herufi hiyo ina alama.

Wimbo kuishia kwa l ni sawa, ni kii ndogo (minor). Shuka kutoka do: d ni E flati, t ni D, l ni C. Uko kwenye C ndogo. s yako ni B flati. se ni s iliyopandishwa nusu-hatua, kwa hiyo ni B ya kawaida, na haiandikwi kwa shapu. Unaweka mbele yake alama ya kufuta, ile inayofanana na kisanduku chenye mikia miwili, ili kuiondoa flati. Ukiandika B shapu umeiruka sauti yenyewe, umefika C.

Na alama hiyo inadumu hadi mwisho wa kipimo kile tu. B ya kipimo kinachofuata inarudi kuwa flati bila kuandikwa.